Golikipa Aliyechoka Bila Kucheza

Kitendawili!

Tega.

Amelala kitandani mchana kutwa, lakini hapumziki hata dakika moja.

Moyo? Mmekaribia, ila sio. Saa ya ukutani? Hiyo inaning'inia, hailali. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Tanga? Ahsanteni. Nimekwenda Tanga, nimekula machungwa ya Muheza hadi nimevimbiwa, nimepunga upepo wa Raskazone, na huko huko nimekutana na mwenye jibu. Jibu ni mtu aliyevunjika mfupa mkubwa akafanyiwa upasuaji. Ukimtazama utadhani anajipumzikia. Kumbe ndani yake kuna kazi inafanyika usiku na mchana, na kazi hiyo ndiyo inayomchosha. Kaeni vizuri niwasimulie.

Palikuwa na kijana wa kidato cha tatu. Jina lake tuliache. Tumwite Golikipa, maana ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Jioni moja anatoka mazoezini amepanda bodaboda, pikipiki ikagongana na gari kwenye makutano ya barabara. Dereva akaamka na michubuko. Golikipa hakuamka. Paja lake la kulia lilikuwa limepinda mahali pasipo na kiungo.

Hospitali wakampiga eksirei, wakaona mfupa wa paja umekatika katikati. Madaktari wa mifupa wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakapitisha chuma kirefu ndani ya mfupa wenyewe, kwenye ule uwazi wenye uboho, wakakikaza kwa skrubu juu na chini. Aliyeifanya njia hii ijulikane duniani ni daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, aliyeianza mjini Kiel mwaka 1939. Hapa kwetu vinatumika sana vyuma vya SIGN, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Chuma hicho kilibuniwa ili kiweze kuwekwa hata pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni moja ya hospitali zilizokitumia kwa wagonjwa wengi.

Kabla ya vyuma hivyo, mguu ulifungwa kamba yenye uzito ukavutwa, mgonjwa akalala chali wiki sita au zaidi. Golikipa yeye alisimamishwa kwa magongo siku iliyofuata. Ni jambo jema sana, ila lina mtego wake. Watu wakikuona umesimama, wanasema umepona. Na wewe mwenyewe unaanza kuwaamini.

Akarudi nyumbani, wageni wakamiminika. Bibi yake akaja kutoka Pangani na kikapu.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mume wangu. Pole sana. Mimi nilijua nina mume wa nyama na mifupa, leo nimeletewa wa chuma.”

Nyumba nzima ikacheka. Golikipa naye akacheka, kisha akasinzia wageni wakiwa bado hawajanywa chai.

Wiki zikapita. Nyuzi zikatolewa, jeraha likakauka, maumivu yakapungua. Uchovu ukabaki pale pale. Safari ndefu kuliko zote kwa siku ilikuwa ya choo cha uani. Anajiinua kitandani, anangoja kizunguzungu kipite. Anatanguliza magongo, anavuka kizingiti cha mlango wa nyuma, anainamisha kichwa kupita chini ya kamba ya nguo, anazunguka pipa la maji kwa sababu pembeni yake pana utelezi. Ndani ya choo kuna kiti alichotengenezewa na fundi seremala, kimetobolewa katikati, maana paja halikubali kuchuchumaa. Akirudi chumbani fulana imelowa jasho, moyo unamwenda mbio, na usingizi unamkamata hata magongo hajayaegemeza ukutani.

Maneno yakaanza. Wenzake wakamwambia, “Acha kudeka wewe, mbona mguu umeshapona?” Shangazi yake akamnong'oneza mama kwamba huenda kuna mtu kamfanyia kitu mtoto. Golikipa mwenyewe alikuwa na hofu yake, ambayo hakumwambia mtu: labda operesheni imeharibika.

Siku ya kliniki akapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mchangamfu ambaye wagonjwa wote walimwita dokta. Golikipa akatoboa siri.

“Dokta, mguu hauniumi sana. Ila nimechoka. Nalala nimechoka, naamka nimechoka, na sifanyi kazi yoyote.”

Dokta akavuta stuli akaketi. “Nani kakwambia hufanyi kazi?”

Akamweleza, na alivyomweleza ndivyo nitakavyowaeleza nyie.

Tuanze na damu. Mfupa wa paja ukikatika, damu huvujia ndani ya nyama hata kama nje hakuna kidonda. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Paja moja lililovunjika linaweza kumeza lita nzima au zaidi, bado hujahesabu ile inayopotea wakati wa upasuaji. Sasa fikirini: mtu akichangia damu hutoa mililita 450 tu, tena ni mzima wa afya, lakini huambiwa asubiri miezi mitatu kama ni mwanamume, minne kama ni mwanamke, kabla ya kuchangia tena. Pigeni wenyewe hesabu ya Golikipa. Chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli na ubongo. Zikiwa chache, kupanda ngazi mbili kunakuwa kazi, na kusoma ukurasa mmoja wa Jiografia kunakuwa kazi pia. Chembe mpya zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa, na hadi pengo lote lizibwe hupita wiki nyingi.

Halafu kuna mfupa wenyewe. Chuma hakiungi mfupa. Kinaushika tu usichezecheze. Anayeunga ni mwili. Kwanza bonge la damu hujaa pale palipokatika. Baada ya wiki mbili tatu, mahali pa bonge hilo panakuwa na gegedu laini. Polepole gegedu linageuzwa kuwa mfupa mchanga, mnene, ambao kwenye eksirei unaonekana umevimba. Mfupa wa paja kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, na baada ya hapo mwili huendelea kuuchonga urudi umbo lake kwa miezi mingine mingi, hata miaka.

Vifaa vya kazi hiyo vinatoka wapi? Mnajua familia ikiamua kujenga nyumba inavyokuwa. Mbuzi wanauzwa, nguo za sikukuu zinasubiri, nyama inapikwa kwa nadra. Mpita njia haoni kitu ila msingi na rundo la mchanga, anashangaa kwa nini watu hawa wamefulia. Mwili wenye mfupa uliovunjika uko hivyo hivyo, na mbuzi wake ni misuli.

Hili halikubuniwa na msimulizi wenu. Mapema katika miaka ya 1930 Mskoti mmoja, David Cuthbertson, mwanakemia katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary, alikuwa akichunguza watu waliovunjika miguu. Alipima walichokula, akakusanya mkojo wao, akaupima nao. Akakuta naitrojeni inayotoka ni nyingi kuliko inayoingia. Naitrojeni hiyo hutokana na protini, na ghala kubwa la protini mwilini ni misuli. Kilichomshangaza ni wingi wake, maana nyama iliyoumia peke yake isingeweza kutoa kiasi kile. Mwili mzima ulikuwa ukichangia: mikono, mgongo, hata mguu usio na jeraha. Alipowalisha wagonjwa zaidi, upotevu ulipungua lakini haukukoma. Kwa hiyo wakati ule rafiki yako amelala anatazama dari, mbuzi wanauzwa.

Ongezeni na mengine. Kutembea kwa magongo bila kukanyaga mguu mmoja kunakula nguvu nyingi. Kwa umbali ule ule gharama yake inaweza kufika maradufu ya kutembea kawaida. Usiku nao unakatikakatika, kwa kuwa kila akijigeuza paja linamwamsha. Baadhi ya dawa kali za maumivu zinaleta usingizi mzito wa mchana na kufunga choo. Na kuna mawazo: mitihani inakuja, timu imepata golikipa mwingine, mama anakosa siku za kazi kwa ajili yake. Mawazo nayo yanachosha, kama hamjui waulizeni wazazi wenu.

Golikipa akasikiliza yote, kisha akasema, “Basi nilale tu hadi nyumba iishe.”

“Hapana,” dokta akajibu. “Ukilala tu, misuli inasinyaa zaidi, na damu inaweza kuganda miguuni. Utatembea kila siku. Ila utatembea kwa bajeti.”

Akachukua daftari la kijana akaigawa siku yake. Asubuhi, wakati nguvu zipo, ni ya mazoezi na masomo. Kila shughuli inayochosha inafuatwa na mapumziko, na mapumziko yanaanza kabla hajaishiwa, sio baada ya kuanguka. Aoge amekaa kwenye stuli. Maji ya kunywa, simu na vitabu viwe karibu na kitanda ili asiinuke mara kumi kwa vitu vidogo. Mchana alale kidogo, nusu saa hivi, asivushe mpaka jioni, la sivyo usiku atahesabu mabati. Mazoezi ya paja na kifundo cha mguu afanye machache mara kadhaa kwa siku, badala ya mengi kwa mkupuo.

Golikipa akaitikia, “Sawa dokta.” Mnajua vijana wanavyoitikia.

Jumamosi moja akaamka mwepesi. Hana maumivu, hana usingizi, jua zuri. Akajikokota hadi uwanjani. Mwanzo alikaa nyuma ya goli akitoa maelekezo. Baadaye akasimama katikati ya milingoti na magongo yake, wenzake wakimpigia vipenalti vya taratibu, anaizuia mipira kwa gongo, watoto wanashangilia. Akarudi nyumbani jua limezama, kifua mbele. Jumapili hakuweza kuinuka, paja limevimba na mwili wote unauma. Jumatatu hivyo hivyo. Bibi akamtazama akasema, “Mume wangu, kutangulia si kufika.”

Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote katika safari ya kupona, na unawanasa wenye bidii kuliko wavivu. Siku nzuri inakushawishi ulipe madeni yote ya wiki, halafu inakulaza siku mbili. Ukilala siku hizo mbili, misuli inazidi kulegea, na siku nzuri ijayo inachelewa kuja. Dokta alimpa kanuni rahisi: fanya kiasi, ukiamka kesho yake uko sawa, endelea na kiasi hicho siku chache, kisha ongeza kidogo. Ukiamka hoi, punguza. Siku nzuri usivuke kiasi chako, na siku mbaya usiache kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba ni hatua kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha hadi kwa jirani, kisha hadi barabarani.

Sasa tuje kwenye kikapu cha bibi. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, anapikiwa tu. Bibi alimpikia supu ya kongoro kila siku, akiamini kwato za ng'ombe zinaunga mifupa ya watu. Supu hiyo si mbaya. Inaongeza maji mwilini, inaamsha hamu ya kula, na ina protini kidogo. Tatizo ni kwamba protini yake haijakamilika, kwa hiyo anayekunywa kongoro pekee bado anauza mbuzi. Mwili unataka mayai, samaki, maziwa, maharage, choroko, kunde. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana protini na kalsiamu pamoja. Kwa damu kuna maini, nyama, maharage na mboga za majani, vikisindikizwa na chungwa, pera au ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mimea. Chai ya rangi hufanya kinyume; isubiri saa moja hivi baada ya chakula. Na kama hamu ya kula imepotea, sahani ndogo mara tano ni afadhali kuliko sahani moja kubwa inayorudi jikoni imejaa. Vidonge vya kuongeza damu vinafaa kwa aliyepimwa akaambiwa damu imepungua, si kwa kila anayesinzia.

Shuleni nako palihitaji mpango. Mama alikwenda kuzungumza na mwalimu wa darasa. Wiki za kwanza Golikipa alihudhuria hadi mapumziko ya saa nne, kisha anarudi nyumbani. Darasa lao lilikuwa ghorofani, likabadilishana na darasa la chini. Rafiki mmoja alibeba begi lake, mwingine akamletea madaftari ya vipindi alivyokosa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia tena anadeka, kwa sababu mwalimu wa Baiolojia alichukua somo zima kueleza mfupa unavyounga, mfano akiwa amekaa dawati la mbele na magongo yake.

Kama wewe ndiye rafiki wa mgonjwa, nakuomba mambo mawili. La kwanza, usimuulize kila siku, “Bado tu hujapona?” Muulize leo ana nguvu ya kufanya nini, kisha fanyeni hicho, hata kama ni kucheza karata. La pili, ukimtembelea usikae saa tatu. Kupokea wageni nako ni kazi, na mgonjwa wa Kiswahili hawezi kukwambia ondoka.

Lakini sikilizeni hapa kwa makini, maana si kila uchovu ni wa kusubiri uishe. Uchovu wa kupona unapungua, japo kwa kupanda na kushuka. Ukilinganisha mwezi huu na uliopita unaona tofauti. Ukiona unaongezeka wiki baada ya wiki, rudi hospitali. Rudi pia ukiwa na homa, au jeraha likiwa jekundu, linatoa usaha au harufu. Rudi ukiwa umepauka viganja na midomo, unapata kizunguzungu kila ukisimama, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa. Rudi maumivu ya mfupa yakizidi badala ya kupungua. Ukiona huzuni imekutawala wiki mbili mfululizo, hutaki kula wala kuongea na mtu, mwambie mtu mzima unayemwamini na mwambie daktari. Huo nao ni ugonjwa na una tiba yake.

Na kuna moja lisilongoja kesho. Mguu, hasa msuli wa nyuma chini ya goti, ukivimba ghafla, ukawa wa moto na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Nyumbani kwetu mkono wa kwanza hukimbilia maji ya moto na kukanda. Msikande! Bonge hilo likisukumwa linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu. Nendeni hospitali. Na ikiwa mgonjwa anahema kwa shida, kifua kinamchoma au anakohoa damu, tafuteni usafiri saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Golikipa hayo hayakumpata. Yaliyompata ni ya kawaida: magongo mawili yakawa moja, moja likawa halihitajiki, na usingizi wa mchana ukaanza kumkimbia wenyewe. Eksirei ikaonyesha mfupa umeunga. Hata hivyo daktari alimwambia misuli inataka muda zaidi, kwa hiyo akaanza kwa kutembea, akaja kukimbia polepole, na mwisho mazoezi ya golini.

Mwaka uliofuata alipangwa mechi ya shule. Kabla ya ajali kijana huyu alikuwa akitolewa uwanjani ananuna siku nzima, harudishi hata jezi. Siku hiyo alidaka kipindi cha kwanza chote vizuri, hakufungwa. Wakati wa mapumziko kocha akawa anawagawia maji na maelekezo ya kipindi cha pili. Golikipa akavua glovu, akamkabidhi mwenzake wa akiba.

“Kocha,” akasema, “kwa leo inatosha.”